Sura ya Sita: Maji ya Iringa Chini ya Daraja la Mkapa

Anayesafiri usiku kwenda Kusini hulijua Daraja la Mkapa kwa masikio. Basi likishaiacha Ikwiriri, mlio wa matairi hubadilika. Barabarani lami huvuma kwa sauti nzito. Juu ya daraja sauti hupanda na kuwa nyepesi, na kila baada ya kitambo husikika tak-tak, matairi ya mbele kisha ya nyuma yakivuka kiungo cha chuma. Dereva asiye na haraka hulivuka kwa dakika moja hivi. Wengi waliomo ndani ya basi huwa wamelala.

Mama yangu halali hapo. Yeye ni mzaliwa wa Muhoro, ng'ambo ya kusini ya mto, aliyeolewa Kibiti, na kila tukifika kwenye mlio ule hukaa sawa kitini, akafunga vizuri mtandio wake, akatazama dirishani hata kama nje ni giza tupu. Alishawahi kuukuta mto huu umefunga njia. Masika ya mwaka 1998, mwaka wa mvua za El Nino, dereva wa lori alituletea habari Kibiti kwamba babu amefariki. Tulitoka siku ileile. Tulipofika mtoni, maji yalikuwa yamepanda na pantoni ya Ndundu haikuweza kuvusha. Tukalala kando ya mto pamoja na wachuuzi, wagonjwa waliokuwa wakipelekwa hospitali, na bibi mmoja aliyekumbatia kuku wake watatu. Siku ya tatu tukavuka. Babu alikuwa ameshazikwa, na udongo wa kaburi ulikwisha kushikana. Mama hakumlaumu mtu. Alisema neno moja tu: "Maziko hayangoji mto."

Sura hii inamhusu mtu aliyetumia maisha yake kuhakikisha kwamba maziko, harusi, uchungu wa uzazi na soko la korosho havisimamishwi tena na mto. Jina lake ni Mhandisi Patrick Mfugale. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jina hilo kwa sababu limeandikwa kwenye barabara ya juu pale TAZARA. Huku Rufiji na Kibiti, ambako kazi aliyoishika inaonekana wazi kuliko mahali pengi, jina hilo halisikiki sana. Ndiyo maana naliandika hapa.

*

Kabla ya kumfikia yeye, ni haki tuanze na elimu ya ujenzi iliyokuwako huku kabla ya injinia yeyote kutia mguu.

Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, mkubwa kuliko mwingine wowote kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Watu wa Salale, Mbwera, Kiomboni na Twasalie wanaijua mikoko kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Mkoko wenyewe hutoa mti wa kuezekea, mchu una kazi zake, mkandaa una zake. Nguzo zilizokatwa hupangwa kwa unene na kila unene una jina: pau, mazio, boriti. Boriti ndiyo inayobeba dari.

Nenda Lamu, Mombasa, Mji Mkongwe wa Unguja au Kilwa Kisiwani, uingie nyumba ya mawe ya zamani. Utaona vyumba virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita tatu. Watu hudhani ni mtindo tu wa kale. Upana ule uliamuliwa na boriti. Mti wa mkoko una urefu wake, na ukiutandika juu ya kuta mbili zilizoachana zaidi ya hapo unapinda kwa uzito wa chokaa na mawe. Fundi wa Kiswahili alilijua jambo hilo bila karatasi: kuvuka nafasi tupu kuna kikomo, na kikomo chake ni nguvu ya kile unachovukia.

Boriti za Rufiji zilifika mbali. Majahazi ya Waarabu yalikuja na kaskazi, yakaingia vijito vya delta, yakapakia boriti na kuondoka na kusi kurudi Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti, na kule zikaezekwa nyumba. Mwaka 1939 baharia na mwandishi Mwaustralia, Alan Villiers, aliingia delta hii ndani ya jahazi la Kuwait na kuwaona mabaharia wakipakia nguzo hizo kwenye matope na mbu. Kwa hiyo miaka mingi kabla mafuta hayajawatajirisha, watu wa Kuwait walilala chini ya dari zilizobebwa na miti ya Rufiji.

Bara kidogo, kwenye tambarare ya mafuriko, Warufiji na Wandengereko walikuwa na ujenzi mwingine. Katikati ya mashamba ya mpunga walisimamisha madungu, vibanda juu ya nguzo ndefu, ili mto ukija wao wabaki juu na maji yapite chini. Mto ukirudi kwenye njia yake walipanda mlau, mazao ya kwenye tope lenye rutuba lililoachwa na maji. Hawakupigana na mto. Walimwacha apite, nao wakapata riziki kwa alichokiacha. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali iliwahamishia watu wengi kwenye vijiji vya mahali pa mwinuko, katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji, lakini dungu halikufa. Mpaka leo utaliona shambani, mtoto akiwa juu yake anafukuza ndege.

Boriti na dungu vinafundisha somo lilelile. Hata daraja la zege na nondo, kama hili la Mkapa, ni boriti iliyotandikwa juu ya nguzo, na maji yameachiwa njia yake.

*

Patrick Mfugale alitoka mbali na bahari, Ifunda mkoani Iringa, nchi ya baridi na ukungu. Mtu angesema hakuna uhusiano kati ya Ifunda na Ndundu. Uhusiano upo, na ni wa maji. Ruaha Mdogo, mto unaopita chini ya mji wa Iringa, humwaga maji yake Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu huingia Rufiji juu kidogo ya lile korongo ambalo leo lina bwawa la umeme. Kutoka hapo maji hushuka Utete na Ikwiriri, hujigawa kwenye delta na kuingia bahari mkabala na Mafia. Maji ya nyumbani kwao yalikuwa yakishuka kwetu tangu yeye hajazaliwa.

Njia yake yeye ilizunguka zaidi. Alipita Wizara ya Ujenzi, akaenda India kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roorkee, alikohitimu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Roorkee si chuo cha kawaida. Kilianzishwa mwaka 1847 kwa sababu Waingereza walikuwa wakichimba Mfereji wa Ganges na walihitaji watu wa kuusimamia. Katika mji huo mfereji wenyewe umejengewa daraja: maji yaliyoelekezwa na binadamu yanapita juu, na mto wa Solani unapita chini yake. Hakuna anayesoma Roorkee asiuone ujenzi ule. Ni mahali pazuri pa kumfundisha kijana wa Kitanzania kwamba mto, hata uwe mkubwa kiasi gani, una namna yake ya kuvukwa.

Baadaye alikwenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Loughborough, kwa shahada ya pili. Kisha akarudi. Neno hilo "akarudi" ni dogo, lakini lina uzito. Miaka ile wataalamu wetu wengi waliokwenda nje walibaki huko, kwa sababu wanazozijua wao. Mwenye shahada ya madaraja angeweza kufanya kazi popote penye mto. Yeye alirudi kwenye wizara yenye mito mingi, fedha kidogo, na maelfu ya vivuko, makalvati na madaraja ya mbao yaliyosubiri.

Ya nyumbani kwake nayaacha kwa jamaa zake, kwa kuwa heshima ndivyo inavyotaka. Nitasema juu ya familia zetu sisi, maana ndizo alizozifanyia kazi.

*

Mto Rufiji si mto wa kuchezea. Bonde lake lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na Kilombero, na mengine na Luwegu na Ruaha. Mvua ikinyesha Njombe au Mahenge, anayeinuka usiku kuhamisha vyombo ni mtu wa Muhoro. Tena ni mto unaohama. Hubeba mchanga, huujaza kwenye njia yake, kisha huiacha njia hiyo na kutafuta nyingine. Ukisimamisha nguzo leo mahali maji yalipo, huna uhakika yatakuwa hapo baada ya miaka thelathini.

Kwa hiyo kazi ya daraja hili ilianzia chini, mahali asipopaona abiria. Kwenye mto wa mchanga, nguzo ikiishia kwenye mchanga wa juu, maji huuchimba mchanga huo kidogo kidogo kuzunguka mguu wake mpaka mguu ukabaki unaning'inia. Dawa yake ni kwenda chini mpaka kwenye udongo usiochimbika, na kulirefusha daraja hata juu ya nchi kavu, ili mto ukitaka kuhama uhame ukiwa bado chini ya daraja. Ndiyo maana ukipita kiangazi unaona maji yako sehemu moja tu, na kwingine nguzo zimesimama kwenye mchanga na majani, kana kwamba mtu alikosea hesabu. Njoo Aprili, uone hesabu ilivyokuwa sahihi.

Daraja lina urefu wa mita 970. Ule mlio wa tak-tak ninaousema una maana yake. Zege hutanuka kwa jua la mchana na kunywea kwa baridi ya usiku, na daraja refu lisilo na nafasi ya kujinyoosha hupasuka. Basi huachwa mianya na kufungwa kwa vyuma. Anachokisikia mama yangu usiku ni pumzi ya daraja.

Lilifunguliwa mwaka 2003 na Rais Benjamin Mkapa mwenyewe, mtu wa Lupaso, Masasi. Naye, kama wote wa Kusini, alikuwa mtoto wa ng'ambo ya mto. Fedha zilitoka serikalini, Mfuko wa OPEC, na Mfuko wa Kuwait. Kuwait, wale waliolala chini ya boriti zetu. Sijui kama katika ofisi zao kulikuwa na mtu aliyelikumbuka hilo, lakini historia ina namna yake ya kulipa deni. Delta iliwapa wao cha kuvukia upana wa chumba, wao wakatusaidia kuvuka upana wa mto.

Daraja halijengwi na mtu mmoja. Kuna wasanifu, wakandarasi, wapima udongo, vijana wa Ikwiriri waliofunga nondo na kubeba zege. Lakini Daraja la Mkapa limo kwenye orodha ya madaraja makubwa ambayo Mfugale anatajwa kuyasimamia, na orodha hiyo ni ndefu. Limo Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, mita 720, lililotuunganisha na Msumbiji mwaka 2010. Limo Daraja la Kikwete juu ya Malagarasi, na Daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, la mwaka 2016. Limo pia Daraja la Magufuli juu ya Kilombero, mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018, miaka miwili baada ya kivuko kuzama palepale kwa dhoruba. Hebu fikiri: tone la maji linalopita chini ya daraja la Kilombero karibu na Ifakara leo, baadaye litapita chini ya Daraja la Mkapa. Maji yaleyale, madaraja mawili, na jina la mtu yuleyule kwenye kazi zote mbili.

*

Lakini daraja bila barabara ni ahadi nusu. Hilo sisi tunalijua vizuri. Baada ya mwaka 2003 tulivuka mto kwa dakika moja, kisha tukaangukia kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60. Kiangazi kilikuwa vumbi na mchanga. Masika kilikuwa tope la kumeza lori. Mabasi yalilala porini, na abiria walishuka kusukuma. Zaidi ya miaka kumi daraja zuri lilitazama barabara mbaya.

Mfugale aliteuliwa kuwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Barabara, TANROADS, mwaka 2011, na ni katika miaka ya uongozi wake kipande hicho kikamilika kwa lami. Wakala huo unahudumia barabara kuu na za mikoa zenye urefu wa zaidi ya kilomita 36,000. Kati ya hizo zote, kwetu sisi hizi 60 ndizo zilizokuwa zimebaki kooni kama mwiba. Zilipowekwa lami, mtu wa Kibiti akaweza kunywa chai nyumbani asubuhi, akazika Kilwa alasiri, na akarudi kulala kwake.

Ukitaka kujua maana ya jambo hilo, simama stendi ya Kibiti saa tatu asubuhi. Basi la kutoka Lindi likiingia, kina mama wanalizunguka na korosho za kukaanga kwenye mifuko, machungwa yaliyomenywa yakabaki meupe, na mihogo. Mmoja wao aliniambia kwamba amewasomesha watoto wanne kwa korosho za dirishani. Basi lisipokuja, hakuna dirisha la kuuzia. Biashara yake yote imekaa juu ya zile nguzo za Ndundu, ingawa yeye mwenyewe haendi Kusini zaidi ya mara moja kwa mwaka.

*

Tarehe 27 Septemba 2018, Rais John Magufuli alifungua barabara ya juu ya TAZARA, Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, akaipa jina la Mfugale. Siku hiyo alieleza kwamba mhandisi huyu alikuwa ameshiriki katika ujenzi wa madaraja makubwa yapatayo 1,400. Nchini kwetu majina ya barabara na madaraja huenda kwa wanasiasa. Kumpa mtumishi wa serikali aliye hai, ambaye kazi yake ni mahesabu na kutembelea maeneo ya ujenzi, lilikuwa jambo geni, na lilikuwa la haki.

Huku Rufiji tuna sababu ya pekee ya kulithamini. Mto wetu umewaona wengi waliofanya kazi kubwa wakasahauliwa. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta huku mitambo yake ikiwa mibovu. Vyuma vizito vikatolewa, vikaburutwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa na kuburutwa kurudi. Waliovuta kamba ni Waafrika kwa maelfu. Meli iliangamizwa Julai 1915, na vitabu vya vita vinamtaja nahodha wake, Max Looff, na mizinga yake kumi. Wavutaji kamba hawatajwi. Na korongo la juu ya mto lilibeba kwa zaidi ya miaka mia jina la Stiegler, mgeni aliyeuawa na tembo mwaka 1907, mpaka ulipokuja mradi wa umeme wa megawati 2,115 na kuitwa Mwalimu Nyerere.

Jina linaamua nani anakumbukwa. Ndiyo maana si jambo dogo mtoto wa Ifunda kuandikwa kwenye zege.

Kisha vikaja vifo vilivyofuatana. Mzee Mkapa, Julai 2020. Balozi Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, ambaye jina lake liko kwenye barabara za juu za Ubungo, Februari 2021. Rais Magufuli, Machi 2021. Na tarehe 29 Juni 2021, huko Dodoma, Mfugale naye akafariki akiwa bado kazini, akarudishwa Iringa kuzikwa. Katika muda usiotimia mwaka mmoja, aliyelifungua daraja letu, Magufuli aliyekuwa waziri wa ujenzi wakati linafunguliwa, na mhandisi aliyelisimamia wakawa wamekwenda wote. Daraja likabaki.

*

Aprili 2024 maji yalikuja tena. Rufiji na Kibiti zilifurika, mashamba ya mpunga yakazama, watu wakahamishwa kwa mitumbwi. Mwezi Mei kikafuata kimbunga Hidaya, na barabara ikakatika upande wa Somanga. Kwa siku kadhaa Kusini na Dar es Salaam havikuonana. Stendi ya Kibiti ilipoa. Mama alipiga simu Muhoro kila asubuhi na kila jioni, na ukimtazama ungedhani ni mwaka 1998. Mafundi wakaja, mawe yakamwagwa, njia ikafunguliwa.

Katika mafuriko hayo yote, Daraja la Mkapa lilisimama. Zile nguzo zilizokaa kwenye mchanga mkavu miaka yote zilikuwa ndani ya maji, zikifanya kazi ziliyowekewa.

Lakini daraja nalo lina umri, kama mtu. Maji ya mvua yakituama juu yake kwa sababu matundu ya pembeni yamezibwa na mchanga, hupenya mpaka kwenye nondo, na nondo ikianza kutu, zege hupasuka kutoka ndani. Anayechota mchanga karibu na nguzo anauchimba mguu wa daraja. Anayepitisha mzigo uliozidi mizani anakula siku za daraja ambazo ni za wajukuu wake.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwako msomaji. Ukikaa karibu na daraja lolote, liwe la mita 970 au la kalvati moja kijijini kwako, lilinde, na ukimwona anayeliharibu usinyamaze. Na siku utakapokwenda Kusini, usisinzie ukishapita Ikwiriri. Ukisikia mlio wa matairi umebadilika, mwamshe mtoto aliyelala mapajani mwako, umwambie kwamba chini yenu kuna maji yanayotoka Iringa, na kwamba mtu kutoka hukohuko Iringa alikwenda mpaka India na Uingereza kusoma namna ya kuyavuka, kisha akarudi. Mtajie jina lake: Mhandisi Patrick Mfugale.